Kikuukuu si Kibovu: Jinsi Vitu Vilivyozidi Nyumbani Vinavyopata Mwenyewe Mpya

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kukipima kitu kilichokwisha kutumika, na tofauti za maneno hayo ndizo msingi wa suala zima la kutoa vitu vya nyumbani kwa wahitaji. Kitu kikuukuu ni kile kilichozeeka lakini kingali kinafanya kazi yake; kitu chakavu ni kile kilicholika kwa matumizi, ambacho fundi bado anaweza kukiokoa kwa gharama fulani; na kitu kibovu ni kile kilichokwisha, ambacho hakina jingine ila kuvunjwavunjwa kwa ajili ya chuma, mbao au plastiki yake. Ipo pia hali ya nne, ambayo si sifa ya kitu chenyewe bali ya nyumba ambamo kimo, nayo ni ile ya kitu kizima kabisa ambacho hakitakiwi tena, ama kwa kuwa mtoto amekua, ama familia inahama, ama mzee aliyekitumia amefariki, ama pengine kwa sababu tu kimenunuliwa kingine. Utoaji mwema unahusu hali hii ya nne na sehemu ya ile ya kwanza, na makosa mengi huanza pale mtoaji anapovichanganya vyote katika kiroba kimoja na kukiita sadaka.

Kugawa vilivyozidi ni desturi ya zamani kuliko asasi zote za hisani zinazojulikana leo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki nguo za marehemu hugawiwa ndugu siku ya kuanua matanga, yaani siku ya kufunga rasmi kipindi cha maombolezo, na mgawo huo hufuata ngazi za ukoo, hivi kwamba koti la babu halimfikii yeyote tu bali mtu anayejulikana tangu mwanzo. Kwa Waislamu jambo hili lina sharti zaidi, ambalo baadhi ya familia hulisahau katika haraka ya kuondoa vitu vinavyokumbusha msiba: alivyoviacha marehemu, hata kandambili na mashuka, ni mirathi, na haviwezi kutolewa sadaka mpaka madeni yalipwe na warithi waridhie. Mbali na misiba, ipo njia ya kila siku isiyoandikwa popote, ambapo gauni la mtoto wa tajiri huenda kwa dada wa kazi, naye hulituma kijijini kwa basi pamoja na sukari na sabuni, na huko huvaliwa na mtoto wa tatu au wa nne. Kwa upande wa vyombo, vikundi vingi vya akina mama mitaani vina sufuria kubwa, masinia, maturubai na viti vya kutumika arusini na misibani, na baadhi ya vyombo hivyo ni vile vilivyotolewa na mwanachama aliyeona havina kazi tena kwake. Wazo hilo liko karibu na wakfu, ambao katika sheria ya Kiislamu ni mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa, ili manufaa yake peke yake ndiyo yawaendee watu.

Njia hizi zina fadhila moja inayozipita njia nyingi za kisasa, nayo ni kwamba mtoaji anamjua mpokeaji, au walau anamjua mtu anayemjua. Hajiulizi kama shati litamtosha mtu fulani, kwa sababu amekwisha kumwona mtu huyo akipita. Mji ulipokuwa mkubwa, na jirani akawa hajulikani hata jina, ndipo ilipozuka haja ya mtu wa kati.

Mtu wa kati wa namna hiyo alibuniwa kwa sura yake ya sasa katika miji ya viwanda ya Uingereza na Marekani. William Booth, mwasisi wa Jeshi la Wokovu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1890 kuhusu ufukara wa Uingereza, alipendekeza vikosi vya kupita nyumba kwa nyumba mjini London kukusanya nguo, chupa, samani na mabaki ambayo matajiri waliyatupa, ili wasio na kazi wapate ajira ya kuyachambua na kuyatengeneza. Miaka 12 baadaye, mwaka 1902, mchungaji wa Kimethodisti aitwaye Edgar Helms alianza kazi kama hiyo katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Boston: alikusanya nguo na vyombo kutoka nyumba za wenye nafasi, akawapa watu wa mtaa wake kazi ya kuvishona na kuvikarabati, kisha vikauzwa kwa bei ndogo na fedha zikalipa mishahara yao. Asasi iliyotokana na juhudi hizo ndiyo Goodwill Industries ya leo. Nchini Uingereza, kamati iliyoundwa mjini Oxford mwaka 1942 ili kuwasaidia Wagiriki waliokumbwa na njaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Oxfam, ilipata vitu vingi kuliko ilivyoweza kuvisafirisha, na mwaka 1948 ikafungua duka la kuviuza katika barabara ya Broad Street.

Kinachostahili kuangaliwa katika mifano hii ni kwamba kitu chenyewe, kwa kawaida, hakikwenda kwa maskini. Kiligeuzwa kazi, au kikageuzwa fedha, na kazi au fedha hiyo ndiyo iliyomfikia. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana sababu ya kulijua jambo hili kuliko msomaji wa mahali pengine popote, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguo zinazotolewa Ulaya na Marekani hazinunuliwi katika maduka hayo ya hisani. Huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa jumla, hufungwa marobota na kusafirishwa hadi Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka hapo hufika katika masoko ya Gikomba mjini Nairobi, Karume mjini Dar es Salaam na Owino mjini Kampala. Neno mtumba lenyewe maana yake ni furushi au robota, na jina la utani la kafa Ulaya lilitokana na dhana ya wanunuzi kwamba mtu mzima mwenye akili zake hawezi kuacha koti zima kama hilo akiwa hai. Mama wa Boston aliyetoa sweta anaamini ameligawa bure, na kijana wa Gikomba anayafungua marobota akiomba Mungu apate nguo za kamera, yaani za daraja la kwanza, asije akaangukia fagia, yaani zile za mwisho ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Wala si haki kuiita biashara hiyo udanganyifu, kwani inalisha familia nyingi. Lakini si sadaka pia, na serikali za eneo hili zimekuwa zikiiona hivyo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo, Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha nafuu ya ushuru ambayo nguo za Rwanda zilikuwa zikiipata chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na nchi za Afrika. Kwa hiyo kabati lililosafishwa Boston linaweza kuishia kuwa mgogoro wa kibiashara kati ya mataifa mawili.

Madhara makubwa zaidi huonekana wakati wa maafa, kwa kuwa ndipo mioyo inapofunguka kwa pamoja na akili ya kupanga inapokosa nafasi. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia la Desemba 1988, dunia ilituma zaidi ya tani 5,000 za dawa na vifaa tiba, na ilichukua watu 50 kiasi cha miezi sita kuvichambua, kwani vingine vilikuwa vimepitwa na muda, vingine vimeharibiwa na baridi, na vingine vimeandikwa kwa lugha ambazo wapokeaji hawakuzielewa. Kutokana na matukio ya aina hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1996 mwongozo wa misaada ya dawa, ambao pamoja na mengine unataka dawa isibakiwe na chini ya mwaka mmoja wa matumizi inapowasili, na unakataza kutoa dawa zilizokwisha kukabidhiwa mgonjwa kisha zikarudishwa. Vidonge vilivyobaki katika droo ya nyumbani, kwa kipimo hicho, havigawiwi kwa yeyote. Baada ya tsunami ya mwaka 2004 jambo lilikuwa hilohilo kwa upande wa mavazi: nguo zilizoletwa kwa nia njema zililundikwa ufukweni zikaoza, na miongoni mwake yalikuwamo makoti ya baridi katika nchi za joto.

Gharama inayosahauliwa ni ya mkono unaochambua. Kiroba kimoja kilichojaa vitu mchanganyiko humchukua mtu muda mrefu kukitoa, kukikunjua, kukitenga kwa umri na jinsia na kutupa kisichofaa, na mtu huyo katika kambi ya waathirika wa mafuriko au maporomoko, kama yale yaliyoikumba Katesh wilayani Hanang mnamo Desemba 3, 2023, ndiye pia anayetakiwa kugawa maji, kuandikisha familia na kusimamia vyoo. Ndiyo maana katika siku za mwanzo za maafa blanketi jipya, ndoo yenye kifuniko na fedha taslimu hufaa kuliko kabati zima la nguo, na mwenye kabati hilo hapotezi kitu akisubiri wiki kadhaa, mpaka familia zianze kupanga upya vyumba na kujua zimepungukiwa nini.

Vitu vyenyewe navyo vinatofautiana mno katika tabia zao. Godoro la sponji ni mfano mzuri, kwa kuwa kwa jicho la haraka huonekana zima, na kumbe ndicho kitu kinachohitaji kukaguliwa kuliko vyote. Mkaguzi hulibonyeza katikati kwa kiganja akaangalia kama linainuka mara moja au linabaki na shimo. Kisha hulitandua foronya yake, akafuata mshono wa pembeni kwa kidole, polepole, pembe kwa pembe, akitafuta vidoa vyeusi vidogo mithili ya wino ulionyunyiziwa, ambavyo ni kinyesi cha kunguni. Kunguni huweza kuishi miezi bila chakula, kwa hiyo godoro lililolala stoo tangu mwaka jana halijasalimika kwa sababu tu hakuna aliyelilalia, na kulianika juani asubuhi moja hakutoshi kuwamaliza. Godoro lenye vidoa hivyo likipelekwa katika bweni la watoto 30 humaanisha vitanda 30 vya kupigwa dawa.

Jiko la gesi nalo lina somo lake. Mpira wake hukakamaa kwa joto na kuanza kupasuka karibu na mahali unapobanwa na kishikizo, na ufa huo hauonekani mpaka mpira upindwe. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio huku gesi imefunguliwa na moto wote umezimwa, mapovu yanayovimba ndiyo yanayoonyesha uvujaji. Mpira mpya ni wa bei ndogo mno ukilinganisha na jiko, na mtoaji mstaarabu huubadilisha kabla ya kulitoa. Lakini hata jiko lililo salama huuliza swali jingine, kwamba mpokeaji anaweza kuujaza mtungi? Friji kuukuu huuliza swali hilohilo kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu hula umeme usiku na mchana, na kwa familia inayonunua umeme wa LUKU kidogo kidogo kwa simu hiyo ni zawadi inayokula. Wako wanaozipokea zawadi za namna hii kwa adabu tu, kisha wakazigeuza kabati la vyombo.

Kitanda cha kufungua ni rahisi zaidi, mradi skrubu na nati zake zitiwe katika mfuko mdogo na mfuko ufungwe kwenye tendegu, kwani kitanda kilichopoteza nati mbili njiani huwa ni mbao tu. Viatu vya shule vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba zake. Nguo za ndani zilizotumika zisitolewe, na kwa kweli Tanzania na Kenya zimezipiga marufuku hata sokoni. Miwani ya macho hukatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na ni nadra jozi ya mmoja kumfaa mwingine, hivyo mwenye kutaka kumsaidia asiyeona vizuri afadhali amlipie nauli ya kwenda kupimwa. Kiti cha magurudumu, ambacho Tanzania huitwa kiti mwendo, huonekana kuwa zawadi isiyo na kasoro, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unasisitiza kwamba kila mtumiaji apimwe, kwa sababu kiti kisicholingana na nyonga zake au kisicho na mto unaofaa kinaweza kumletea vidonda vya mgandamizo, ambavyo kwa mtu asiyehisi miguu yake ni hatari kwa uhai. Mahali pake, basi, ni kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, wala si mlangoni kwa jirani aliyevunjika mguu.

Vitabu vinastahili kutajwa peke yake kwa kuwa vina historia inayofundisha. Mwaka 1954 Hermione Ranfurly, mke wa gavana wa Bahamas, alianza kuwaomba marafiki zake wa Uingereza vitabu walivyokwisha kuvisoma, ili vijaze rafu tupu za shule za visiwa hivyo. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika linalojulikana leo kama Book Aid International, ambalo vitabu vyake vimefika katika maktaba za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Shirika hilo halikubaki pale lilipoanzia. Kadiri wakutubi walivyoeleza wasomaji wao wanataka nini, ndivyo lilivyoacha vitabu vilivyotumika na kugeukia vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji, na likaanza kuchagua kwa kuangalia maombi ya maktaba badala ya shehena iliyopo. Safari hiyo ya nusu karne, kutoka kwenye swali la kilichopo hadi kwenye swali la kinachohitajika, ndiyo safari ambayo kila mtoaji wa nyumbani angeweza kuifupisha kwa kuuliza tu.

Kuuliza kwenyewe kuna milango yake. Nchini Tanzania afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anazijua kaya zenye shida katika eneo lake, na hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia wagonjwa wasio na ndugu, wakiwemo akina mama waliojifungua bila hata khanga ya kumfunika mtoto. Kwao hao furushi la nguo za mtoto mchanga, zilizofuliwa na kukunjwa, halikai kwenye kabati. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa kanisa, imamu na, nchini Kenya, chifu na wazee wa nyumba kumi, wote wanajua ni nyumba ipi iliungua mwezi uliopita. Wengi hata hivyo hukimbilia makao ya watoto, hasa karibu na Krismasi na katika mwezi wa Ramadhani, wakati stoo za makao hayo zimekwisha kufurika nguo, na huku walezi wakihangaika kutafuta sabuni, taulo za kike na hela ya maji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni, na si utovu wa adabu kwa mtoaji kuiomba aione. Kenya imekwenda mbele zaidi, kwani mkakati wake wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwahamisha watoto kutoka kwenye taasisi kwenda kwenye malezi ya kifamilia, kwa kutambua kwamba wengi wa watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai, na kwamba umaskini ndio uliowatenganisha. Kwa mantiki hiyo kitanda, godoro na meza ya kusomea vikipelekwa kwa shangazi au bibi aliyekubali kumlea mtoto vinaweza kufanya zaidi ya vile vingefanya katika bweni, kwa maana vinaondoa mojawapo ya sababu za kumpeleka mtoto huko.

Ipo pia mitandao ya kutangaza vitu bure, ambayo mfano wake unaojulikana zaidi ni Freecycle, ulioanzishwa Tucson, Arizona, mwaka 2003 kwa kanuni moja tu, kwamba kila kinachotangazwa kitolewe bila malipo. Katika miji ya Afrika Mashariki makundi ya simu ya mtaa, ya msikiti au ya jumuiya ndogondogo hufanya kazi hiyo kwa uzuri zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu yanarudisha ile fadhila ya zamani ya kujuana.

Kuhusu heshima ya mpokeaji maneno machache yanatosha. Uislamu na Ukristo vyote viwili vinamhimiza mtoaji afiche mkono wake, na Kurani inawakanya waumini wasichague kibaya cha kutoa ilhali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Picha ya mtoto aliyeshikishwa shati kuukuu mbele ya kamera, inayosambazwa kabla hata shati halijavaliwa, inavunja mafundisho hayo yote kwa mara moja, na ni vigumu kuipatia udhuru wowote.

Anayetaka kuanza wiki hii na aandike katika karatasi vitu alivyonavyo, akitaja kasoro ya kila kimoja bila kuficha, ampigie simu mpokeaji amsomee orodha hiyo, na akubali kuambiwa kwamba meza inahitajika lakini nguo hazihitajiki. Kirikuu, yaani kigari cha kubebea mizigo, kiitwe baada ya simu hiyo. Kitakachobaki kisicho na mpokeaji kina njia zake pia, ambazo si za aibu. Nchini Kenya wapo wachuuzi wa mali kwa mali wanaopita mitaani kubadilisha nguo kuukuu kwa mabeseni na sufuria mpya. Wanunuzi wa chuma chakavu hupima fremu ya kitanda kilichovunjika kwa kilo. Na shati la pamba lisilovalika tena, likikatwa vifungo vyake, ni tambara ambalo fundi wa gereji hulihitaji kila siku kufutia oili mikononi.